Kompyuta Iliyougua Kila Jumatatu

Dada mmoja mwenye steshenari Tanga alinipigia simu asubuhi, wateja wakiwa wamejaa mlangoni. "Fundi, njoo. Imetoa ile bluu tena." Ilikuwa Jumatatu ya tatu mfululizo. Kompyuta yenyewe ni ya mezani, mtumba kutoka Uingereza, ina Windows 7, na kazi yake ni kuchapa barua, CV na mitihani ya shule za jirani. Ikiwashwa ilikuwa inafika kwenye nembo ya Windows, inaonyesha skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, inajizima, inajiwasha, inarudia yaleyale. Mafundi wawili walishapita kabla yangu, mmoja kila Jumatatu, na wote walitoa dawa moja: kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuiweka tena. Mashine ikapona, ikachapa kazi hadi Jumamosi, kisha Jumatatu ikalala tena.

Sikumuuliza habari za virusi. Nilimuuliza Jumamosi akifunga duka huwa anafanya nini. Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la kipuuzi. "Nazima swichi ya ukutani. Siku nyingine naiacha, nazima kompyuta tu." Halafu akakumbuka jambo: yule fundi wa pili alipomaliza kupiga Windows, tovuti ziligoma kufunguka hadi alipogundua kwamba tarehe inasoma mwaka 2009. Akairekebisha, akachukua hela yake, akaondoka.

Jibu lilikuwa hapo, na fundi yule alilishika mkononi akaliweka chini.

Kabla Windows haijaamka, kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, kuna programu ndogo inayotangulia, tunaiita bayosi. Ndiyo inayojua saa, tarehe, diski ianze ipi, na mazabodi izungumze na diski kwa utaratibu gani. Katika mashine za zamani mipangilio hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri ya duara iliyo kama sarafu, namba CR2032, volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikizimwa, pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, inaendelea kupitisha umeme kidogo na betri haiguswi. Ukizima swichi ya ukutani, mzigo wote unabaki kwa betri. Iliyochoka inaweza kuvumilia saa chache umeme ukikatika. Kuvuka usiku wa Jumamosi, Jumapili nzima hadi Jumatatu, haiwezi.

Ikishindwa, bayosi inasahau kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani. Tarehe inarudi nyuma miaka. Na utaratibu wa kuzungumza na diski unabadilika. Mafundi wale, kwa kuwa ndani mna diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, walikuwa wanaingia kwanza kwenye bayosi na kuweka utaratibu unaoitwa AHCI, ndipo wanapiga Windows. Kosa si hilo, hata mimi naweka hivyohivyo. Windows 7 huandaa draiva ya diski, yaani programu ndogo ya kuzungumza na kifaa hicho, kulingana na utaratibu iliyoukuta siku ya kuwekwa. Ukiubadilisha bila kuiambia, inaamka haina draiva ya kuifikia diski yake yenyewe, na 0x7B maana yake ni hiyo: diski ya kuanzia haifikiki. Windows ilikuwa nzima siku zote. Iliyoondoka ni njia ya kuifikia.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha tabia inayowapotezea watu fedha nyingi kwenye mashine za zamani. Kupiga Windows kunafuta ushahidi. Ni kufagia nyayo za mwizi kabla polisi hawajafika. Wakati mwingine tatizo linaondoka nazo, lakini huwezi kujua lilikuwa nini, na likirudi unaanza upya.

Mimi hutenganisha kwanza mambo mawili ambayo mwenye kompyuta huyaona kama kitu kimoja: ugonjwa na uzee. Ugonjwa ni kifaa kilichokuwa kinafanya kazi na sasa kinashindwa kazi ileile. Uzee ni kifaa kizima kabisa kinachoombwa jambo ambalo hakijawahi kulijua. Mashine inayoganda hovyo, leo kwenye Word, kesho kwenye muziki, keshokutwa ikiwa imeachwa peke yake, nahisi ugonjwa, na mara nyingi uko kwenye chuma, yaani vifaa vyenyewe. Inayoanguka palepale, ukibonyeza kitufe kilekile, naanza kufikiria programu, draiva au uzee. Kanuni hii ina mianya yake. Joto, kwa mfano, hujifanya ni kosa la programu, kwa kuwa programu nzito ndiyo inayolipandisha.

Ushahidi wenyewe haujifichi sana. Tangu toleo la Vista, Windows huweka kalenda ya maanguko yake. Fungua sehemu ya kuandika amri, andika perfmon /rel, usubiri kidogo. Utaona siku zimepangwa, na alama nyekundu kila penye ajali. Ukiona ajali zimeanza siku ileile uliyoweka draiva mpya ya printa, umeshaokoa nusu ya kazi. Skrini ya bluu nayo isome. Kama inapita upesi, kwenye Windows 7 bonyeza F8 wakati wa kuwaka, uchague kuzuia mashine isijiwashe upya ikianguka, halafu ipige picha kwa simu. Usitishwe na tukio namba 41, lile linaloandikwa Kernel-Power kwenye kumbukumbu za mfumo. Watu hulikuta, wakakimbilia kununua pawa saplai. Tukio hilo halitaji sababu. Linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga.

Kama namba za skrini ya bluu zinabadilika kila mara, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa 0x50, mshukiwa wangu wa kwanza ni rami, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Rami mbovu haina adabu ya kuharibu jambo moja. Inaharibu chochote kilichokaa pale palipooza, na kinachokaa pale kinabadilika kila dakika. Weka Memtest86+, programu ya kupima rami, kwenye flashi, anza kompyuta nayo, iache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha. Hakuna "makosa machache yanayovumilika". Likionekana, toa rami zote, rudisha moja moja, na ile inayotuhumiwa ihamishie kwenye nafasi nyingine, maana mara nyingine rami ni nzima ila nafasi yake imeingia kutu. Pwani hii chumvi ya hewani inakula shaba kimyakimya. Nimeona kompyuta nyingi zilizotangazwa zimekufa zikafufuka kwa kusugua meno ya rami. Wengi wetu tunatumia kifutio cha penseli, ingawa spiriti safi ni bora, kwani kifutio huacha vumbi lake kwenye nafasi na kukuletea ugonjwa mwingine.

Kwenye rami pia ndiko ugonjwa na uzee huchanganyika. Mteja ananunua rami ya kuongezea, umbo linaingia, meno yanakaa, lakini mashine haiwaki. Rami ya aina ya DDR3 ya kawaida inataka volti 1.5, na kuna DDR3L inayofanya kazi kwa 1.35. Kompyuta mpakato za Intel za kizazi cha nne zinataka hiyo ya pili, na ukiipa ya kwanza itagoma au itayumba. Zipo pia rami za bei ya chini zinazouzwa mtandaoni zikiwa zimeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni za mazabodi za AMD pekee. Ukiiweka kwenye ya Intel, utamlaumu fundi bure.

Joto lina sahihi yake. Hakuna skrini ya bluu wala ujumbe, mashine inazimika pu! kama taa. Kabla ya hapo huwa imepungua kasi, kwa sababu prosesa, chipu kuu inayofanya hesabu zote, ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kazi kwanza, na ikishindikana hukata umeme ili isiungue. Kwa mtumba ya miaka kumi na tano, ile dawa nyeupe inayopitisha joto kati ya prosesa na bati lake imeshakauka ikawa kama chokaa. Ifute, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, toa vumbi kwenye feni. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na ningeomba ifanywe kabla ya yote.

Umeme unahitaji maneno zaidi. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, ulimwengu wa vifaa vya umeme ulikumbwa na balaa la kapasita mbovu. Kapasita ni yale mapipa madogo yaliyosimama kwenye mazabodi, yanayolainisha umeme kabla haujafika kwenye prosesa. Maji ya ndani ya baadhi yake yalichanganywa vibaya, yakawa yanazalisha gesi, vichwa vinavimba, mwisho vinapasuka na kutoa ute wa kahawia. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kubadilisha mazabodi zilizoathirika, na haikuwa peke yake. Mashine za kizazi hicho bado utazikuta maofisini na mashuleni. Fungua kifuniko, angalia vichwa vya kapasita: vinatakiwa viwe bapa. Kilichovimba hata kidogo kimekwisha, na mashine yake huwa na ugonjwa wa kukataa kuwaka asubuhi, kisha inawaka baada ya kujaribu mara nne au tano, ikishapata moto inatulia. Ukisikia maelezo hayo kwa simu unaweza kukisia bila kufika.

Na kama mashine imetoka Marekani au Kanada, kabla hujaichomeka tazama nyuma kwenye pawa saplai. Zile za zamani zina swichi nyekundu inayosoma 115 au 230. Ikiwa kwenye 115 na ukutani kwetu kuna volti 230, utasikia mlio, na harufu itakaa dukani hadi jioni.

Diski nitaisemea kwa ufupi, kwa kuwa yenyewe inajisemea. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inasoma kumbukumbu za afya ambazo diski huziandika. Angalia mistari mitatu. Namba 05 na C5 zikipanda, uso wa diski unaharibika: nakili kazi zako leo, usingoje Ijumaa. Namba C7 ikipanda peke yake, diski haina kosa, kebo ndiyo imelegea au imechoka. Diski nzima nyingi zimetupwa kwa ajili ya kebo ya bei ya soda.

Sasa uzee. Hapa hakuna cha kusafisha wala kubadilisha, na ndiyo sababu mafundi wengi hawapendi kuusema.

Prosesa inaelewa idadi maalum ya maagizo, kama mtu mwenye msamiati wake. Kila miaka kadhaa watengenezaji huongeza maneno mapya, na waandishi wa programu wakiona mashine nyingi zimeshayajua huanza kuyatumia bila kuuliza. Prosesa ya zamani ikisomewa neno ambalo haina, haikisii. Programu inafungwa papo hapo, mara nyingi bila maelezo. Chrome ilipofika toleo la 89, mwaka 2021, ilianza kudai maagizo yanayoitwa SSE3, na kompyuta zisizo nayo zikaachwa. Windows 11 katika toleo lake la 24H2 inadai agizo liitwalo POPCNT, ambalo Intel waliliingiza mwishoni mwa 2008. Kwa hiyo kompyuta yenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, hata uiongezee rami na SSD ya hali ya juu, haitawasha toleo hilo. Suala hapo si kasi.

Uzee wa pili ni wa vyeti. Tovuti inapofunguka, kivinjari hukagua cheti chake, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, na kukilinganisha na orodha ya mamlaka zinazoaminika iliyomo kwenye mfumo. Mamlaka hizo nazo zina tarehe za mwisho. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha muda cheti cha shina, yaani cha mamlaka yenyewe, kilichokuwa kinategemewa na tovuti nyingi sana duniani, na vifaa ambavyo havikuwa vimesasishwa vikaanza kudai kwamba tovuti halali si salama. Sasa kumbuka ile kompyuta ya Tanga. Saa ikirudi 2009, vyeti vyote vya leo vinaonekana havijaanza kutumika, na kivinjari kinatoa onyo linalofanana na hilo. Ujumbe unafanana, chanzo ni kingine kabisa: mmoja anahitaji betri, mwingine anahitaji mfumo mpya. Ndiyo maana nikiona onyo la namna hiyo, macho yangu yanakwenda kwanza kwenye saa, kona ya chini kulia. Usitegemee Windows ijirekebishie saa hiyo kupitia mtandao. Kwa kawaida hukataa kusahihisha tofauti inayozidi muda wa saa 15, ikidhani seva ndiyo iliyokosea.

Uzee wa tatu ni wa biti, yaani upana wa data ambayo prosesa na programu hushika kwa mkupuo mmoja. Windows ya biti 64 haipokei draiva za biti 32 hata kidogo, na programu za biti 16, zile za zama za DOS (mfumo wa kuandika amri uliotangulia Windows) na Windows 3.1, haziendeshi kabisa. Printa ya zamani ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kutoa draiva ya biti 64 inakuwa chuma cha kuegeshea mlango siku unapopiga mfumo mpya. Watu huhangaika na ile sehemu ya kubofya kitufe cha kulia na kuchagua programu iendeshwe kama ilivyokuwa kwenye Windows ya zamani. Inasaidia, ila ujue inachofanya: inaidanganya programu. Programu ikiuliza "hii ni Windows gani?", inajibiwa "XP". Kama ilikuwa inagoma kwa ajili ya swali hilo, itaendelea. Uongo huo hauwezi kuzaa draiva ambayo haipo.

Kinyume chake nacho kipo, na ni kisa ninachokipenda. Programu nyingi za DOS za mwanzoni mwa miaka ya 1990 ziliandikwa kwa Turbo Pascal, zana ya kutengenezea programu ya kampuni ya Borland. Zikianza, zilikuwa zinapima kasi ya kompyuta: zinahesabu mizunguko katika milisekunde 55, zinagawanya kwa 55, jibu linawekwa kwenye kisanduku kisichoweza kubeba zaidi ya 65,535. Prosesa za zama za Pentium II zilipokuja, jibu likazidi kisanduku, na programu ikafa kabla haijaanza, ikilalamika kosa namba 200, kugawanya kwa sifuri. Hakuna aliyegawanya kwa sifuri. Kompyuta ilikuwa na kasi kupita alivyowahi kufikiri mwandishi. Siku hizi ukikutana na programu ya namna hiyo, tuseme hesabu za duka la mzee asiyetaka kubadilika, iendeshe ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, na upunguze kasi humo hadi itulie.

Swali ninaloulizwa sana sasa ni la Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, yaani kuanzia 2017. Mashine nyingi za mtumba ziko chini ya hapo. Kuna ujanja wa kuruka ukaguzi huo, na kwa kizazi cha nne hadi cha saba nimeona unafanya kazi vizuri, lakini hakuna anayekuhakikishia kwamba masasisho ya mwakani yatakubali. Kwa mtu anayetumia kivinjari na barua tu, mimi humwekea Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, bila kumwomba radhi. Napo pana mlango unaofungwa: Debian 13, mojawapo ya aina za Linux, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Kabla ya kupakua chochote, hakikisha prosesa yako ni ya biti 64.

Turudi Tanga. Niliingia kwenye bayosi, nikarudisha AHCI, nikaweka tarehe, nikahifadhi. Windows iliwaka bila kupigwa, na kazi zake zote zikiwa mahali pake. Betri niliyoitoa niliipima: volti 1.8. Nikaweka mpya, nikaandika kwenye karatasi ya gundi, "Betri mpya. Diski: AHCI", nikaibandika ndani ya kifuniko kwa ajili ya fundi ajaye. Yule dada akaniuliza kama nimpandishie mfumo. Nilitazama printa yake, draiva yake ni ya biti 32 na nyingine haikuwahi kutolewa, nikamshauri tuiache na Windows 7 yake, tuchomoe waya wa intaneti, iwe mashine ya kuchapa tu. Mambo ya mtandao afanyie kwenye kompyuta mpakato aliyonayo nyumbani. Ilimchukua kama dakika kumi kukubali.

Jumatatu ya nne simu yake iliita saa mbili na robo asubuhi. Nilipokea huku mkono mmoja ukiwa umeshashika begi la vifaa. Kompyuta ilikuwa imewaka. Alitaka kujua ile betri niliinunua wapi, maana rimoti ya gari la kaka yake imegoma, na walipoifungua wamekuta namba ileile, 2032.